Jedwali la Akina Mama

Sikuajiriwa. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia niliandika mfumo wa kompyuta wanadhani nilikuwa na kitambulisho shingoni na kiti cha kuzunguka. Nilikuwa na laptopu ya mtumba isiyokuwa na kitufe cha B, ukiitaka B unabonyeza kile kichuchu cha mpira kilichobaki. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha kozi fupi ya kompyuta niliyosoma mjini Shinyanga, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane asiyekuwa na mahali pa kukaa mchana.

Kituo cha kulelea watoto kilikuwa kando ya barabara ya vumbi inayokwenda kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Geita. Asubuhi akina mama wanaacha watoto na kwenda kuponda mawe, kuuza chai, kufua nguo za wachimbaji. Jioni wanarudi kuwachukua. Mkuu wa kituo alikuwa mwalimu mstaafu aliyevaa saa kwa kuigeuzia ndani ya mkono, ili aitazame bila wewe kujua, ila ulijua. Tulikubaliana hivi: nimtengenezee orodha ya kompyuta, watoto wote na watu wanaoruhusiwa kuwachukua, na yeye ampokee mwanangu kituoni. Ofisa wa ustawi wa jamii akija kukagua, orodha iwe inafanya kazi. Isipofanya kazi, nafasi anapewa mtoto mwingine.

"Sikutishi, mama," aliniambia. "Nakuambia tu. Wako wanaosubiri."

Orodha yenyewe haikuwa mchezo. Machimboni watu wanahama kama wanavyobadilisha shati. Miezi michache nyuma baba mmoja alikuwa amekuja mchana, akamchukua mtoto wake akicheka, akapanda naye pikipiki, na mama akajua jioni kwamba wameshafika mkoa mwingine. Kuanzia siku hiyo mkuu alitaka kila mtoto awe na mtu wake kwenye maandishi.

Kama nafasi ingekosekana, mwanangu alikuwa aende Didia kwa mama yangu. Mama alimtaka tangu siku aliyozaliwa. "Mlete, wewe endelea kuhangaika na dunia," alisema kila alipopiga simu, kwa sauti ya mtu anayesubiri nishindwe. Baba wa mtoto alisikia kuna rashi mpya, dhahabu imeibuka mahali, akaifuata yeye na simu yake. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na mtoto, na nilikuwa nimeapa hatutengani.

Sasa nieleze kitu chenyewe, na sitaeleza mara mbili. Huandiki mfumo kuanzia sifuri. Unachukua fremuweki, ambayo ni kama fremu ya nyumba iliyokwisha kusimamishwa, milango imeshakatwa, wewe unajaza matofali. Data zinakaa kwenye majedwali: jedwali la akina mama, jedwali la watoto. Na fremuweki ina kanuni zake za majina. Ukiita vitu inavyotaka, inaviunganisha yenyewe bila kukuuliza. Ukiita unavyotaka wewe, inakaa na kununa.

Kosa la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Niliandika "Mtoto", fremuweki ikaenda kutafuta jedwali la "mtotos". Imetengenezwa na watu wanaodhani dunia nzima inaongeza S. Nikaiambia kwa mstari mmoja kwamba jedwali linaitwa watoto, ikakubali. Nikajiona mtaalamu. Nilimbusu mwanangu utosini, nikamnunulia sambusa ambayo aliitema yote.

Kosa la pili ndilo lililonimaliza.

Nilikuwa nimeketi siku nzima na daftari la kituo, lile la zamani lenye jalada gumu, ili nione wanavyoandika. Wanaandika kama tunavyoishi. Hakuna mwanamke mwenye jina. Kuna Mama wa huyu, Mama wa yule. Mlangoni dada wa zamu, msichana mnene mwenye sauti ya mnadani, anaita Mama fulani, na mwanamke anakuja. Mimi mwenyewe tangu nijifungue hakuna aliyewahi kuniita jina nililobatizwa nalo, hata mkuu. Kwa hiyo nilipotengeneza jedwali la akina mama, niliweka kwenye kila mama safu ya namba ya mtoto wake wa kwanza. Utamjuaje mama mpaka umjue mtoto? Mama ndiye anayebeba jina la mtoto. Sikuona kama ni uamuzi. Niliandika tu.

Kisha nikaiambia fremuweki: mama ana watoto wengi, nionyeshe watoto wake. Ikanijibu kwa herufi nyekundu kwamba kwenye jedwali la watoto haioni safu inayoitwa mama_id, yaani namba ya mama.

Nikasema, haya, ni mambo ya majina tena, kama ya juzi. Nikabadilisha. Ile mtoto_id iliyokuwa kwa akina mama nikaiita mama_id. Nyekundu. Nikaiita mama_mtoto. Nyekundu. Nikarudisha lile la "mtotos" nililolicheka, nikafuata kila kitu kwa Kiingereza chao. Nyekundu vilevile. Nilibadilisha majina siku mbili. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu anavuta nywele, kwa sababu mkuu alisema ataanza kumpokea siku orodha itakapoanza kuonekana.

Nilimpigia mwalimu wangu wa ile kozi. Ni kijana mpole, anafuga kuku Ibadakuli, ukiongea naye unasikia majogoo.

"Ticha, nimekwama."

"Umelisoma kosa?"

"Nimelisoma mpaka limenizoea."

"Linasema jina gani halipo?"

"mama_id."

"Basi fuata kanuni ya majina. Jina la jedwali la juu, halafu id. Ni rahisi hiyo."

"Nimefuata, Ticha. Nimeita hivyo hivyo."

"Umeita wapi?"

Jogoo akawika, mtoto akalia, bando likaisha. Nikirudi nyuma kwenye maisha yangu, swali lile la mwisho ndilo ningelilipia. Umeita wapi. Sikulijibu. Nilikwenda kutafuta mtandaoni, nikakuta watu wa nchi zao wanaambiana vitu vilevile, fuata kanuni ya majina, na wanashukuriana, na wanaweka vikopa vya mapenzi.

Siku ya tatu nikafanya nilichofanya. Niliigeuza sentensi. Badala ya kusema mama ana watoto, nikasema mama ni wa mtoto. Herufi nyekundu zikatoweka. Nilikuwa nimeiambia kitu tunachosema kila siku mtaani, nikaona imekubali kwa sababu ni kweli.

Nikajaribu kwa mfano niliokuwa nao karibu, yaani mimi. Nikajiandikisha, nikamwandikisha mwanangu. Nikabonyeza. Ikatokea: Mama, na jina la mwanangu mbele, na chini yake picha yake anacheka na jino lake la pembeni. Safi kabisa. Nikamwita mkuu.

"Inafanya kazi?" aliuliza.

"Inafanya."

Akamchukua mwanangu mkononi mwangu hapo hapo, akampeleka kwa wenzake. Nilisimama mlangoni na mikono iliyokuwa mitupu. Sijui kama nimewahi kujisikia mwepesi vile.

Wiki ile dada wa zamu aliingiza watoto wote kutoka kwenye daftari. Alikuwa mwepesi wa kuchapa kuliko mimi, kwa vidole viwili. Hakuna aliyeona kitu. Mkuu akafunga daftari kwenye sanduku, akasema kuanzia Jumanne tunachukuana kwa kompyuta.

Jumanne jioni alikuja mwanamke wa makarashani. Alikuwa na vumbi la mawe mpaka kwenye kope, nyundo yake ameifunga kwenye kitenge. Ana watoto wawili pale, msichana wa miaka mitano na mdogo wake wa kunyonya. Dada wa zamu akatafuta kwenye laptopu, akamtoa msichana. Halafu akatafuta tena. Akasita.

"Huyu mdogo hana mama," alisema.

"Hana nini?"

"Imeandika hapa. Mama: hakuna."

Mwanamke akamtazama, akaitazama laptopu, akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa nyuma ya meza.

"Na mimi niliyesimama hapa ni nini? Kisiki?"

"Mayu, subiri kidogo," nikamwambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, unamwitia mwanamke unapotaka asikukasirikie.

"Usiniite mayu. Maziwa yananivuja tangu mchana, unaniambia nisubiri. Mtoto analia kule ndani, masikio unayo. Mwulize yeye kama hana mama."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema, "Muulizeni kompyuta ni nani amemzaa, labda yenyewe." Mkuu akatoka, akatazama saa yake ya ndani ya mkono, akampa mama yule mtoto wake kwa sababu anamjua. Lakini aliniangalia. Tukafungua orodha mimi na yeye tukiwa wima. Wazaliwa wa kwanza wote walikuwa na mama. Wadogo wao wote, mmoja baada ya mwingine: hakuna, hakuna, hakuna.

"Ofisa anakuja Ijumaa," mkuu alisema.

Kosa langu nililiona usiku ule? Hapana, nililiona palepale, na ndilo linaloniuma. Nililiona kwa yule mwanamke akiondoka. Mdogo alikuwa mgongoni, mkubwa ameshika kitenge cha mama yake kwa nyuma. Mama hakuwa ameshika mtu. Mikono yake ilibeba nyundo na ndoo. Watoto ndio walioshika. Basi. Kila mtoto angepaswa kubeba namba ya mama yake, hata wawe kumi, na mama asibebe namba ya mtu. Safu ya mama_id ilitakiwa ikae kwa watoto, kama ile herufi nyekundu ilivyoniambia tangu siku ya kwanza, kwa maneno yaleyale, kwenye jedwali la watoto. Mimi nilikuwa nabadilisha jina la kitu kilichokuwa kwenye nyumba isiyo yake. Mama mwenye watoto wawili hana mahali pa kuandika namba mbili. Mama wa mmoja anayo, ndiyo maana mimi nilitokea vizuri.

Jumatano asubuhi nilihamisha safu. Ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Nikaandika tena ile sentensi ya kwanza, mama ana watoto wengi, na fremuweki haikusema kitu. Jina la kumwitia mama nikalifanya lichukuliwe kwa mtoto wake wa kwanza, ili mlangoni waendelee kuitana walivyozoea.

Nikampigia Ticha kumwambia. Akacheka sana. "Sasa wewe ulimpa mama mtoto mmoja tu, na nchi hii?" Nami nilicheka. Nilidhani tumemaliza.

Kurekebisha nilichoandika mimi ilikuwa asubuhi moja. Kurekebisha kilichokwisha kuingizwa ndiyo hiyo siwezi kuisimulia bila kutukana. Wale wadogo walikuwa ndani ya jedwali bila mama, na sasa kila mmoja alitaka namba ya mama yake, na kompyuta haijui. Nikafungua sanduku, nikatoa daftari. Daftari linasema: Mama wa fulani. Kuna akina mama wanne kituoni ambao mzaliwa wao wa kwanza ana jina hilohilo, kwa sababu mwaka fulani kila mtu alimpa mtoto jina hilo. Yupi? Wengine mzaliwa wa kwanza hayupo kituoni kabisa, yuko Nkome kwa bibi yake anaanika dagaa, ila mama yake bado anaitwa kwa jina lake. Nikitafuta mtoto huyo kwenye jedwali simwoni.

Ilibaki kuwauliza wenyewe, jioni, wanapokuja kuchukua. Nilikuwa na jioni mbili.

"Jina lako nani?"

"Mama wa—"

"Sio hilo. Lako wewe."

Wengine walicheka kama nimewatekenya. Mmoja alifikiri kwanza, kweli alifikiri, halafu akaniambia la ubatizo na la ukoo akiyapanga taratibu, kama mtu anayetoa nguo za sanduku. Mwingine akasema, "Unaandika wapi hilo? Nani kakutuma?" Akakataa. Machimboni kuna watu waliokuja bila kutaka kutafutwa, na si haki yangu kuwalazimisha. Wengi walikuwa na haraka, jua linazama, hawajapika. Walinipita.

Mmoja nilimuuliza, "Na huyu wako wa kwanza anayekupa jina, naye tumwandike, yuko wapi?"

Akafunga mtoto mgongoni, akavuta kitenge, akakaza fundo.

"Alikufa," akasema. "Andika tu, ndilo jina langu."

Sikujua niandike wapi. Hakuna safu ya hilo. Mpaka leo sijaiweka.

Ijumaa ofisa alikuja saa tatu asubuhi, wakati tuliambiwa mchana. Alikuwa mtu wa kawaida, amechoka, viatu vina vumbi. Mkuu akamkalisha kwenye meza yangu. Nikafungua orodha. Walikuwa wamebaki saba bila mama. Akateremka kwa kidole, taratibu, na kidole kikasimama kwenye mmoja wa wale saba. Kwa nini kisisimame kwa wengine, sijui.

"Huyu mama yake nani?"

"Yupo, shikamoo… samahani. Yupo, ameenda kazini."

"Marahaba. Sijakuuliza yuko wapi. Nimeuliza nani."

Nilimjua mwanamke yule kwa sura. Nilijua anavyocheka, nilijua anauza chai ya tangawizi karibu na karasha la tatu. Jina nilikuwa sina. Alikuwa mmoja wa walionipita. Ofisa akamwuliza mkuu kama kuna daftari. Mkuu akalitoa. Ofisa akalisoma, Mama wa fulani, Mama wa fulani, akaridhika kabisa, akapiga muhuri wake. Akasema kompyuta ni wazo zuri, tuikamilishe, atarudi kuiona.

Yaani daftari. Lile lile lililonipotosha ndilo lililomtosha.

Alipoondoka nilimsubiri mkuu aseme. Alikuwa anarudisha daftari sandukuni.

"Mwalimu, amepiga muhuri," nikamwambia.

"Amepiga kwenye daftari."

"Nilihitaji siku mbili tu."

"Ulisema inafanya kazi, mama. Nikakuuliza, ukasema inafanya." Hakupandisha sauti. "Kuna mwanamke anasubiri tangu mfungo wa Ramadhani. Nimwambie nini? Jumatatu nampokea wa kwake. Wewe maliza hii orodha, tutaona mbele."

Nilitaka kumtupia ile laptopu. Nilitaka kumwambia kwamba yeye mwenyewe hajui jina la mwanamke hata mmoja anayemlelea mtoto. Nilichofanya ni kwenda kumtoa mwanangu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na mwenzake, wanapeana kijiko kimoja. Hakutaka kutoka.

Jumapili mama yangu alikuja mwenyewe kutoka Didia. Hakusema nilikuambia. Aliosha vyombo vyangu vyote, hata vilivyokuwa safi, akafunga nguo za mtoto kwenye mfuko wa salfeti, akamfunga mgongoni. Mtoto alilala kabla hawajafika barabarani. Sikupungiwa mkono.

Jumatatu nilikwenda kituoni kumaliza. Mjinga mimi, lakini yule mdogo wa mwanamke wa nyundo nilikuwa nimeshampa mama, na wale saba walikuwa bado. Mkuu akaniambia, kabla ya yote, nimtoe mwanangu kwenye orodha, kwa sababu orodha ni ya waliopo. Ni kweli, ni ya waliopo. Nikatafuta mstari wake. Nikafuta. Fremuweki ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Haikusema kitu chekundu.

Kisha nikafungua jedwali la akina mama. Mstari wangu ulikuwa bado upo. Nilikuwa nimeifundisha ichukue jina la mama kwa mtoto wake wa kwanza, na mtoto hakuwepo. Kwa hiyo iliandika Mama, ikaacha nafasi, basi.

Dada wa zamu akachungulia begani kwangu.

"Hii imeharibika tena?"

"Haijaharibika."

"Sasa wewe humu tutakuitaje?"

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mgeni, yule aliyesubiri, mtoto amemfunga mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Alikuwa anatabasamia kila kitu, mlango, mkeka, na mimi. Nikamwita, nikamwonyesha kiti. Nikafungua mstari mpya.

"Jina lako nani?"

Akataja Mama, na jina la mtoto aliyekuwa mgongoni.

"Huyo nitamwandika," nikamwambia. "Nataka lako."